Nawafundishaje wanamtaa kuhesabu watu wanaofanya mazoezi kiwanjani? Msaada jamani

Binti wa Temeke

Habari zenu wakuu, na wakubwa zangu shikamooni. Naombeni msaada kwa mwenye uzoefu maana nimepewa jukumu na sitaki niliharibu.

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii huku Temeke. Mtaani kwetu kuna kiwanja cha wazi, sio kikubwa kama Mwembe Yanga, ni kiwanja cha kawaida tu chenye magoli ya miti na mwembe mmoja pembeni. Asubuhi wazee wanazunguka, mchana kimya, jioni ndio balaa, huku chandimu kule netiboli na katikati watoto wa rede na kombolela. Sasa kwenye kikao cha mtaa likaja suala la kile kiwanja, kuna watu wanataka pageuzwe sehemu ya kulaza magari na vibanda kwa sababu eti hakitumiki, sisi wengine tunasema kinatumika kila siku ila hatuna namba ya kuonyesha. Mwenyekiti akasema leteni ushahidi sio maneno. Kamati ya afya ikaniambia basi tafuta watu 12 wa kujitolea, wafundishe, wakae pale wahesabu nani anafanya nini.

Watu nimepata na wana moyo kwakweli: mama lishe wawili, vijana wa boda watatu, mabinti wanne waliomaliza kidato cha nne, mwalimu mstaafu, fundi cherehani ambaye dirisha lake linatazama kiwanja na babu mmoja wa klabu ya jogingi.

Jumamosi tukajaribu. Nikagawa daftari na peni nikasema haya andikeni watu wanaofanya mazoezi, nusu saa, halafu tukutane chini ya mwembe tulinganishe. Jamani mmoja kaleta 14 mwingine kaleta 61 na walikaa jiwe moja! Kumbe wa 14 alihesabu wacheza mpira peke yao, wa 61 alihesabu kila aliyekatiza mpaka muuza karanga, na kuna mama alipita na ndoo ya maji kichwani akamhesabu mara mbili, alivyoenda na alivyorudi. Binti mmoja kaandika majina ya watu kabisa. Babu hakuandika kitu, alisema hawa wanacheza tu, mazoezi ni asubuhi.

Sasa nauliza, nini kinahesabika kuwa mazoezi na nini hakihesabiki? Yule mama wa ndoo nimuweke wapi? Na nawafundishaje watu wa rika na elimu tofauti hivi mpaka wote waone kitu kimoja? Muda wa semina nina siku mbili tu, hela ya nauli na maji ipo, zaidi ya hapo hakuna.

---

Mama Takwimu

Marahaba mdogo wangu, na usivunjike moyo, hiyo 14 na 61 ni somo zuri kuliko ambalo ungewaandikia ubaoni. Watu wako wanajua kuhesabu, ila kila mtu alikuwa anajibu swali lake. Nimewahi kusimamia waangalizi kwenye viwanja vya shule za msingi huku Morogoro na siku ya kwanza ilikuwa hivi hivi.

Kitu cha kwanza futa neno mazoezi kwenye semina yako. Kila mtu ana mazoezi yake kichwani, babu ana ya kwake, kijana wa boda ana ya kwake. Waambie waangalie MWILI unafanya nini. Ametulia, yaani kakaa, kalala au kasimama pale pale. Anatembea. Au anafanya zaidi ya kutembea, anakimbia, anaruka, anacheza kwa nguvu. Basi, safu tatu. Hii sijaitunga mimi, kuna njia inaitwa SOPARC, ilitengenezwa Marekani na kina Thomas McKenzie na Deborah Cohen kwa ajili ya bustani na viwanja vya wazi vya jamii, ilichapishwa 2006, mwongozo wake na fomu unavipata bure mtandaoni. Fomu ni ya kiingereza kwahiyo kaa na huyo mwalimu wako mstaafu muiandike kwa kiswahili chenu cha mtaani, itaeleweka haraka zaidi.

Cha pili na hiki ndio kinachosumbua watu, hamuhesabu nusu saa. Mnapitisha macho mara moja tu, kutoka kushoto kwenda kulia, taratibu, na kila mtu unamuandika alivyo pale jicho lako lilipomkuta. Ukishampita umempita, hata akianza kukimbia nyuma yako usirudi. Golikipa kasimama mpira uko upande wa pili? Ametulia. Mchezaji kainama anafunga kamba ya kiatu? Ametulia. Watakubishia hapo, watasema lakini mama huyu yuko mechini huyu. Waambie dakika hiyo hiyo kuna mwingine umemkuta anakimbia ambaye sekunde tano nyuma alikuwa kasimama, ukipitisha macho mara nyingi siku nyingi inajisawazisha yenyewe.

Kwahiyo mama wa ndoo kama jicho limemkuta ndani ya kiwanja anaandikwa anatembea, mara moja, kwisha. Kama ni mazoezi au ni shida za maji hilo sio swali la mwangalizi, na hata Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wao wa 2020 kazi na kutembea kwenda mahali vyote vinahesabika kuushughulisha mwili. Muuza karanga naye hivyo hivyo.

Unapitisha macho kwanza kwa wanawake, halafu unarudia kwa wanaume. Usiwachanganye kwenye mpito mmoja hata kama mwangalizi anajiona mjanja, maana jicho linavutwa na mpira, na wasichana waliokaa pembeni wanasahaulika. Umri nao ni kwa kukadiria, mtoto mpaka miaka 12, kijana 13 mpaka 20, mtu mzima 21 mpaka 59, mzee 60 na kuendelea. Sare za shule zitawasaidia sana jioni.

Kiwanja kigawe vipande kabla ya yote, chora ramani kwenye karatasi ya manila, kipande cha magoli, cha netiboli, cha chini ya mwembe, na cha njia ya kukatiza. Mpaka uwe kitu kinachoonekana, mti, nguzo, kona ya ukuta, sio "pale karibu na kina fulani".

Na kipande kikiwa hakina mtu wanaandika 0. Wafundishe hiyo 0 kwa nguvu zote maana mtu wa kujitolea anaona aibu kurudisha karatasi tupu, anaona kama hajafanya kazi. 0 na sababu yake, tope, jua kali, turubai la msiba, chochote anachokiona.

Kukubaliana sasa. Wakae wawili wawili, kipande kimoja, dakika moja, hakuna kuchungulia wala kuongea. Chukua namba ndogo gawa kwa kubwa zidisha mara 100. Ile ya kwenu 14 kwa 61 ni kama asilimia 23. Mkiwa chini ya 80 hamjamaliza mafunzo, rudieni. Na mkilinganisha usiangalie jumla tu, angalia kila safu, wanaweza kupata wote 30 lakini mmoja kaandika 20 wanakimbia mwenzake 9.

Yule binti aliyeandika majina mchukue pembeni kwa upole, alikuwa anajitahidi. Ila majina hapana na picha hapana kabisa. Tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022, na hata isingekuwepo, watu wakijua wanaandikwa majina jioni inayofuata kiwanja kitakuwa kitupu.

---

Mwana wa Ng'ambo

Assalaam alaykum. Aliyosema Mama Takwimu yote sawa, mimi naongeza la wakati tu kutokana na huku kwetu Unguja.

Wanawake wengi huku wanatoka kutembea baada ya sala ya alfajiri, giza halijaisha vizuri, wawili watatu na mabuibui yao na raba miguuni. Jua likitoka wameshaingia ndani wanatayarisha watoto wa skuli. Mukianza kuhesabu saa 1 na nusu munawakosa wote halafu karatasi itasema wanawake hawatoki, na hayo maneno yatakwenda kikaoni yakatumika. Kwa hivyo kabla ya kupanga saa waulize kwanza wanawake wenyewe wanatoka wakati gani. Na wakati huo weka mabinti au mama lishe ndio waangalizi, usimuweke kijana wa boda amekaa gizani anawatazama wanawake, hata akiwa na nia safi haipendezi na watabadilisha njia.

Ramadhani kila kitu kinahama, jioni kimya na baada ya tarawehe viwanja vinajaa watoto mpaka usiku. Ukihesabu Ramadhani andika ni Ramadhani. Na siku kubwa usizichukue kuwa mfano, huku tuna siku ya mazoezi kitaifa kila tarehe 1 Januari, siku hiyo utakuta umma mzima umetoka, sio picha ya wiki ya kawaida.

Kingine, kuhesabu kwa kuandika vijiti huku unatazama ni taabu, kichwa kinainama kinainuka na watu washahama. Sisi tulitumia zile tasbihi za kidijitali za kuvaa kidoleni, bei yake ndogo. Unavaa mbili, kulia wanaokimbia, kushoto wanaotembea, waliotulia unawahesabu kwenye mpito mwengine, jicho halitoki kiwanjani. Ukimaliza ndio unaandika.

---

Binti wa Temeke

Jamani nimesoma zaidi ya mara tatu, asanteni mno. Hiyo ya tasbihi ya kidoleni sikuwahi kuifikiria na mwalimu wetu mstaafu tayari anayo ya kwake.

Swali lingine Mama Takwimu samahani. Kamati wanataka pia niwaambie asilimia ngapi ya watu wa mtaa wanafikisha zile dakika 150 kwa wiki za kuushughulisha mwili ambazo Shirika la Afya Duniani linapendekeza. Nikijumlisha namba za siku zote si napata?

---

Mama Takwimu

Hupati mdogo wangu, na hapo simama imara hata wakikulazimisha. Hii inakueleza habari za KIWANJA sio habari za mtu. Babu wa jogingi utamkuta Jumatatu asubuhi na Jumatano asubuhi, ameandikwa mara mbili, na ni sawa kabisa kwa sababu unapima kiwanja kinatumikaje. Lakini ukijumlisha mipito 16 ukapata 900 usisimame kikaoni ukasema watu 900 wanatumia kiwanja, atainuka mtu mmoja aliyesoma akubomoe na kazi yote itaonekana ya uongo. Sema kwa wastani kila tukiangalia tunakuta watu kadhaa, kati yao wangapi wako kwenye mwendo, wanawake wangapi, watoto wangapi. Hiyo ni kweli na inatosha.

Dakika 150 mpaka 300 za mtu mzima, na 60 kwa siku za mtoto wa miaka 5 mpaka 17, hizo zinahitaji kumuuliza mtu mwenyewe, kazi unafanya nini, unakwenda sokoni kwa miguu dakika ngapi. Kuna dodoso la Shirika la Afya Duniani linaitwa GPAQ, ndilo lililopo kwenye tafiti za STEPS, zile za kuangalia vihatarishi vya magonjwa yasiyoambukiza, Tanzania ilifanyika 2012. Ni kazi nyingine na mafunzo mengine, usiwarundikie watu wako 12 vyote kwa siku mbili.

Kuhusu 16, wale wenye SOPARC walipendekeza siku 4 za wiki, mara 4 kwa siku, saa 1 na nusu asubuhi, saa 6 na nusu, saa 9 na nusu na saa 12 na nusu jioni. Hiyo ya mwisho kwa Dar ni magharibi, miezi mingine giza limeshaingia na kiwanja chenu nadhani hakina taa. Isogeze saa 11. Na ya asubuhi sikiliza ushauri wa Mwana wa Ng'ambo. Ukishapanga lakini usibadilishe katikati.

---

Dada CHP Likoni

Mambo wapenzi, nasalimia kutoka Mombasa. Mimi ni CHP, wale wahudumu wa jamii tuliopewa simu na mikoba 2023, tuko kama laki moja Kenya nzima. Hii kazi ya kuangalia tulifundishwa na kikundi cha afya cha hapa kwetu na nataka niwaambie shida tuliyopata sisi ambayo sijaona mtu ameisema.

Sisi tumezoea kuingia nyumba kwa nyumba kuuliza maswali na kujaza kwa simu. Sasa ukimuweka CHP kwa uwanja mkono unamuwasha, anaona mama mnene amekaa anataka kwenda kumshauri atembee, anaona mtoto anakohoa anataka kumuuliza amekohoa siku ngapi. Ilibidi tufundishwe KUTOULIZA. Ukienda kumuongelesha mtu umeshabadilisha anachofanya. Dada yangu wa Temeke wewe pia ni mhudumu utaona, hiyo ndiyo itakuwa ngumu kwako kuliko kwa yule fundi.

Halafu simu. Siku ya kwanza tulijaza kwa simu, watu wakaona tumenyanyua simu tunaelekeza kwa uwanja wakajua tunawapiga picha. Na mambo ya ardhi pwani mnayajua, mtu akiona wageni na karatasi wanachora mipaka anajua shamba linapimwa linauzwa. Mzee mmoja alikuja na hasira akatushika mkono akauliza mmetumwa na nani. Hatukuwa na barua, tulienda nyumbani. Tukarudi wiki ya pili na barua ya chifu, mzee wa mtaa akatangaza kwa mkutano, karatasi zikawekwa kwa ubao wa kushikilia na mtu yeyote akiuliza anaonyeshwa fomu, aone hakuna jina hata moja. Nyinyi kwa vile kiwanja chenyewe ndicho kina mvutano nendeni na barua ya serikali ya mtaa mapema, na waambieni hata wale wanaotaka magari wachague mtu wao mmoja awe kati ya waangalizi. Sisi tulifanya hivyo na baadaye hakuna aliyesema namba zimepikwa.

Na watoto jamani! Wakiona watu wazima wamekaa na ubao wanakuja kukimbia mbele yenu waonekane. Kaeni siku mbili bila kuandika chochote mpaka wawazoee.

---

Katibu wa Jogingi

Wakuu mimi niko kwenye klabu ya jogingi hapa hapa Dar, Jumapili tunatoka watu wengi tunaimba barabara nzima. Naomba msitusahau maana sisi kiwanjani tunapita tu, dakika moja tumeisha, jicho likiwa upande wa pili hatupo kabisa kwenye karatasi.

Kwa njia na barabara tumieni mstari. Mnachagua sehemu, mfano nguzo ya umeme mpaka kona ya duka, mnakaa dakika 10 au 15 mnahesabu kila anayekata ule mstari, anatembea, anakimbia, yuko kwenye baiskeli. Hapo kwenda na kurudi ni mara mbili sababu mnahesabu kupita, sio watu. Fomu yake iwe ya rangi nyingine kabisa isichanganyike na ile ya kiwanja.

Na kuna jambo nalisema kwa uchungu maana nimeliona, kuna kazi fulani ya kuhesabu nilisaidia mahali, vijana walikuwa wanalipwa kwa kila fomu. Fomu zikaja safi, 10, 20, 15, 30, hakuna 17 hakuna 23, mvua ilinyesha siku nzima na fomu ya siku hiyo ina watu 40 wanacheza mpira. Zilitupwa zote, wiki tatu za watu waliofanya kweli zikaenda nazo. Lipa nauli ya siku, usilipe kwa fomu wala kwa idadi. Na wewe pita bila kutoa taarifa, kaa na mmoja, hesabu naye pamoja mpito mmoja, linganisheni palepale.

---

Binti wa Temeke

Nimerudi na mrejesho jamani. Barua ya mtendaji tunayo, na wale wa magari wametoa mtu wao, kijana mmoja mpole tu, amekuwa wa 13.

Siku ya kwanza ya semina sikuandika kitu ubaoni. Tumekaa chini ya mwembe nikawa nanyoosha kidole kwa mtu mmoja mmoja nauliza mwili wake unafanya nini, mpaka kila mtu anajibu bila kusita. Golikipa walibishana karibu robo saa kama ulivyosema. Kukatokea na binti anaruka kamba wenzie wawili wanamzungushia, hao wa kuzungusha tuwaweke wapi? Wamesimama lakini mikono inaenda. Tulikubaliana ametulia maana miguu haijaondoka pale, kama tumekosea mtuambie ila wote 13 sasa wanaandika hivyo hivyo na nimeandika uamuzi huo nyuma ya kila fomu.

Mwanzo jozi nyingi zilikuwa asilimia 50 na kitu. Siku ya pili jioni jozi tano zimefika 80 na juu, mama lishe na mwalimu wamepata 22 kwa 25, asilimia 88, na mama lishe ndiye aliyekuwa sahihi, mwalimu aliwaruka watoto watatu waliolala kwenye nyasi. Jozi moja ya boda bado wanarudia kesho na yule wa 13 namzungusha kwa kila jozi. Babu ndio sikutegemea, macho yake yanakwenda taratibu hayarudi nyuma kabisa, sasa yeye ndiye anayewaelekeza wenzie.

Jana ilinyesha na haikuwa hata siku ya kuanza. Fundi cherehani kajaza fomu kivyake dirishani, saa 9 na nusu, vipande vinne vyote 0, kwenye sababu kaandika "maji yamesimama mpaka magolini, bata wawili". Nimeibandika ukutani ofisini iwe mfano. Tunaanza rasmi Jumanne asubuhi, mabinti wawili na mama lishe ndio zamu ya alfajiri.

---

Mama Takwimu

Wa kuzungusha kamba mmeamua vizuri, acheni hivyo hivyo mpaka mwisho. Na jozi ya boda usiwaweke pamoja tena, mmoja mpe babu.